Sayyidna Umar (R.A.) na mwaka wa njaa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alizaliwa Makka katika kabila la Quraysh. Ujanani alichunga ngamia wa baba yake, kisha akawa mfanyabiashara. Alisilimu kabla ya Hijra, na mwaka 13 Hijria (634) akashika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar (R.A.).

Mwaka 18 Hijria (639) mvua ilikatika katika nchi ya Hijazi kwa muda wa miezi tisa hivi. Ardhi ikageuka rangi ya majivu, ndipo mwaka ule ukaitwa Aamur-Ramada. Mifugo ilikufa, na watu wa majangwani wakamiminika Madina.

Khalifa aliwaandikia magavana wake walete chakula. Wanahistoria wanaeleza kuwa Abu Ubayda (R.A.) alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliosheheni. Wakateuliwa wasimamizi wa kuwagawia wenye njaa. Ukusanyaji wa zaka ya mifugo uliahirishwa hadi mwaka uliofuata, na adhabu ya kukata mkono ikasimamishwa, kwa kuwa mwenye njaa huenda akaiba kwa dharura.

Nafsi yake hakuipendelea. Alijizuia nyama na samli, akala mkate kwa mafuta hata rangi ya ngozi yake ikabadilika. Mtumishi wake alipomnunulia samli na maziwa kwa dirham 40, aliamuru vitolewe sadaka. Kisha akatoka na watu kuomba mvua, pamoja na Sayyidna Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), na Allah akaiteremsha.

Mvua iliponyesha hakusahau. Misri ilipofunguliwa, Amr bin Al-As (R.A.) alizibua kwa amri yake mfereji wa kale kutoka mto Nile hadi Bahari ya Sham, na nafaka ikasafirishwa kwa majahazi hadi Al-Jar, bandari ya Madina. Aidha, aliyehodhi ardhi miaka mitatu bila kuilima alipoteza haki yake, akapewa mwenye kuilima.

Aliuawa shahidi mwaka 23 Hijria (644), akazikwa karibu na Mtume (S.A.W.).

Enyi wazazi, dua ya mvua na jembe huenda pamoja. Tulime tulichonacho, tuweke akiba, tusitupe chakula, na tumjue jirani aliyelala na njaa.

Wabillahi tawfiq.