Ron Mace: Msee Aliyekuwa Akibebwa Kwa Ngazi Chuoni, Kisha Akafunza Dunia Kujenga

Hebu fikiria uko campus, kichwa chako kiko sawa kabisa, lakini ili ufike darasani lazima watu wakubebe ngazi nzima, kupanda na kushuka. Choo nayo? Mlango mwembamba, kiti chako hakipiti. Hiyo ndiyo maisha aliyopitia Ronald Mace, na jamaa hakukaa chini kulia.

Mace alilelewa North Carolina, Marekani. Akiwa na miaka 9 tu, polio ikamshika, na baadaye akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Hata hivyo alikomaa na usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, akamaliza mwaka wa 1966.

Unadhani alitoka hapo akasahau zile ngazi? Wapi! Alisaidia kuandika kanuni za ujenzi za jimbo lake kuhusu watu wenye ulemavu. Zilianza kutumika 1973, za kwanza za aina hiyo Marekani.

Lakini sikiza hii. Mace aliona kuwa kumjengea mlemavu mlango wake kando, huko nyuma karibu na mapipa, bado ni kumtenga. Wazo lake likawa usanifu kwa wote: jenga mlango mmoja, mpana, usio na ngazi, na kila mtu apitie hapo. Mama mwenye kigari cha mtoto atapita. Shosho na bakora yake pia. Hata wewe uliyevunjika mguu kwa mechi ya Jumapili.

Kitasa je? Kile cha mviringo kinataka ngumi yenye nguvu. Weka cha kubonyeza chini, na mtu mwenye mizigo mikono yote miwili atafungua kwa kiwiko. Na ukipanga haya mapema, kabla mawe hayajawekwa, gharama si noma vile watu hudhani. Kubomoa ndiko hukausha mfuko.

Mwaka wa 1989 alianzisha kituo cha utafiti wa mambo haya pale pale chuoni alikokuwa akibebwa. Mwaka wa 1997 yeye na wenzake wakatoa kanuni 7 za usanifu kwa wote, ambazo wasanifu wanazisoma hadi leo. Alifariki Juni 1998.

Kwa hivyo siku utakapojenga keja yako, kabla fundi hajaanza, jiulize swali moja: wewe wa miaka 80 utapita kwa huo mlango?