Margaret Trowell na darasa la barazani lililozaa walimu wa sanaa Afrika Mashariki

Katikati ya jiji la Kampala, kwenye barabara ya Nile Avenue jirani na Hoteli ya Sheraton, imesimama Sanamu ya Uhuru: mtu aliyezongwa na mafungo mwilini akimwinua juu mtoto aliyenyoosha mikono angani. Waliopiga picha mbele yake ni wengi. Wanaojua kwamba ishara hiyo ya uhuru wa Uganda ilitengenezwa mwaka 1962 na Mkenya, Gregory Maloba kutoka Mumias, ni wachache. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba Maloba alifunzwa sanaa na mke wa daktari wa Mulago, mwanamke ambaye darasa lake la kwanza lilikuwa baraza ya nyumba yake.

Jina la mwanamke huyo, Margaret Trowell, limebaki Makerere kwa namna ambayo wahadhiri wachache wamejaliwa. Vyuo vikuu vya kanda hii, kama vya kwingine duniani, vinajua kumhesabia mhadhiri makala alizochapisha. Kumhesabia alichofundisha ni kazi ngumu zaidi, na tuzo za ufundishaji mara nyingi huishia kwenye cheti na picha ya pamoja. Makerere haikumpa Trowell cheti tu. Iliipa shule yake nzima ya sanaa jina lake.

Alizaliwa London mwaka 1904, akasoma sanaa katika chuo cha Slade, kisha ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa akibadilisha ufundishaji wa kuchora katika shule za Uingereza. Richardson hakuwapa watoto chungu au ua wakakinakili. Aliwataka wachore picha wanayoiona akilini. Fundisho hilo Trowell alilibeba hadi Afrika alipofika Kenya mwaka 1929 na mumewe, Daktari Hugh Trowell. Mwaka 1935 daktari akahamishiwa Uganda, na huko Mulago akaja kujulikana kwa uchunguzi wake wa kwashakoo, utapiamlo uliokuwa ukiua watoto wengi. Kwa miaka mingi mke alitajwa kwanza kama mke wa daktari. Leo ni mume anayehitaji kuelezwa.

Wakati huo Makerere ilikuwa chuo kidogo. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na sanaa haikuwa katika mitaala yake. Mwaka 1937 Trowell aliwakaribisha wanafunzi wachache barazani kwake wachore na kufinyanga. Hapakuwa na mtihani wala shahada mwisho wa safari. Aliwaambia wafumbe macho, akawasimulia tukio kwa maneno: soko lililojaa watu, mvua inayokuja, au kisa cha Biblia. Walipofumbua macho, walichora walichokiona kichwani, watu wakiwa watu wa kwao na vilima vikiwa vilima vya kwao.

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa katika Kanisa Kuu la Namirembe. Mwaka uliofuata zikapelekwa London na kuonyeshwa katika Imperial Institute. Maonyesho hayo mawili yalisaidia kulihamisha darasa kutoka barazani hadi chuoni. Lau kungekuwa na kamati ya tuzo ya ufundishaji bora Makerere mwaka 1937, isingekuwa na fomu ya kumjaza mwanamke yule: somo lake halikuwepo kwenye orodha ya masomo.

Jambo la pili alilolifanya husahaulika. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908 katika kilima cha Old Kampala, yalihamishiwa Makerere miaka ya 1940, na Trowell akawa mtunzaji wake. Mikeka, vibuyu, ngoma, vyungu na nguo za magome ya miti alivisoma kama vitabu, akauliza nani alivitengeneza na kwa zana gani. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyempokea kazi ya makumbusho, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda. Wanafunzi wake wa sanaa walikaa karibu na vitu hivyo. Kwake, msusi wa mkeka alikuwa mwalimu aliyestahili kusikilizwa na mwanafunzi wa chuo.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na mpaka. Trowell aliamini kwamba Mwafrika ana jicho lake mwenyewe, na kwamba picha za Ulaya zingeliharibu. Kwa hiyo hakupenda kuwawekea wanafunzi wake michoro ya mabingwa wa Italia au Ufaransa waiige. Nia ilikuwa njema, na kazi zilizotoka zilikuwa na sura yake. Hata hivyo, huyu alikuwa Mwingereza katika nchi iliyotawaliwa na Uingereza, akiwaamulia watu wazima kipi waone na kipi wasione. Mrithi wake, Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliyeshika shule mwaka 1958, alifungua mlango huo: akaleta historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi na mijadala ya sanaa mpya ya dunia. Ubishi kuhusu nani kati yao alikuwa sahihi haujaisha.

Wanafunzi wenyewe hawakusubiri kuamuliwa. Sam Ntiro, Mchaga kutoka Machame, aliingia Makerere miaka ya 1940, kisha akaenda kusoma Slade, chuo kile kile alikosoma mwalimu wake. Aliporudi, bado alichora mashamba ya migomba, wanakijiji kazini na pombe ya harusi ikibebwa usiku. Picha hiyo ya pombe iko katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Alifundisha Makerere hadi Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, akateuliwa Balozi wa nchi yake London, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Sarah Ntiro, Mganda aliyehitimu Oxford mwaka 1954, ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Ndoa hiyo ya Machame na Hoima ilitangulia hotuba nyingi za ujirani mwema.

Elimo Njau wa Marangu alifika Makerere mwaka 1952. Miaka michache baada ya kuhitimu alikuwa Murang'a, nchini Kenya, akichora kwenye kuta za kanisa lililojengwa kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Mau Mau. Yesu wa picha zile anazaliwa na kufa kati ya vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 Njau alishiriki kuanzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, mahali pa kwanza kwa wasanii wengi Waafrika wa Kenya kuning'iniza kazi zao. Maloba naye alifundisha Makerere kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuongoza masomo ya usanifu.

Hapo ndipo kipimo cha ufundishaji wa Trowell kinapoonekana. Wanafunzi wake watatu wanaotajwa zaidi wote waligeuka walimu, katika miji mitatu, wakati Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoviunganisha vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kilidumu miaka saba tu, kuanzia 1963 hadi 1970. Kilipovunjika, wanafunzi wake walikuwa tayari wametawanyika na walikuwa wakifundisha. Hakuna fomu ya kumtathmini mhadhiri mwishoni mwa muhula inayoweza kuonyesha matokeo ya namna hiyo, kwa sababu yanachukua miaka 20 au 30 kujitokeza.

Akina Trowell waliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Hugh alipewa daraja ya upadri katika Kanisa la Uingereza. Margaret aliendelea kuandika kuhusu sanaa na michoro ya Afrika, akafariki mwaka 1985.

Mwaka 2020, raia wa Uganda walipopeleka bungeni ombi la kuondoa majina ya wakoloni katika mitaa na minara, mjadala ulihusu zaidi watawala na maofisa wa jeshi. Shule ya sanaa ya Makerere, ambayo sasa iko ndani ya Chuo cha Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia, bado inaitwa Margaret Trowell. Wanafunzi wake wanajifunza kuchora, kuchonga, kufinyanga na kufuma, na michoro ya Ulaya wanaionyeshwa bila kizuizi.