Mtakatifu Zélie Martin: Mama Mjamzito Asiyeificha Hofu Yake

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Julai, Mama Kanisa huwakumbuka Watakatifu Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Binti yao tunamfahamu vema, kwani sanamu yake yenye msalaba na mawaridi imo katika makanisa yetu mengi, naye ni msimamizi wa misioni. Mama yake hatumfahamu kwa kiasi hicho. Tunapomtaja, tunamtaja kama mwanamke aliyelizawadia Kanisa mabinti watano watawa, kana kwamba malezi hayo yalikuwa njia nyeupe isiyo na miiba. Leo tungependa kumtazama katika hali isiyosemwa sana mimbarini: Zélie akiwa mjamzito, tena mjamzito mwenye hofu.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 huko Gandelain, katika mkoa wa Normandie nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa askari jeshi na baadaye askari wa usalama. Mama yake alikuwa mwanamke mchamungu lakini mkali, asiye mwepesi wa kuonyesha upendo, na Zélie mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba utoto wake ulikuwa wa huzuni. Maumivu ya kichwa yalimsumbua tangu akiwa mdogo. Hakuwa, basi, mtu aliyezaliwa na moyo wa utulivu. Alikuwa mwepesi wa kuwaza mabaya yajayo, na tabia hiyo aliichukua hadi katika ndoa yake.

Katika ujana wake alitamani kujiunga na Masista wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Alençon, lakini hakupokelewa. Hapo akajifunza ufundi wa lesi ya Alençon, kazi ya sindano iliyohitaji macho makali na subira kubwa. Akafungua biashara yake mwenyewe, akawapa wanawake wengine kazi na kupokea oda kutoka mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa wa mji huohuo. Mungu aliwajalia watoto tisa.

Hapa ndipo tunapopaswa kwenda polepole. Mabinti wanne wa kwanza, Marie, Pauline, Léonie na Hélène, walizaliwa kati ya mwaka 1860 na 1864. Baada ya hapo Zélie hakuweza tena kunyonyesha, na mwaka 1865 alimwandikia mdogo wake wa kiume, Isidore, kuhusu uvimbe aliokuwa nao katika titi. Watoto waliofuata ilibidi wapewe mama wengine wa kuwanyonyesha. Siku zile hapakuwa na maziwa salama ya kopo kama tuyajuavyo, hivyo kumpata au kumkosa mnyonyeshaji mwaminifu lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwezi Februari 1867 alikufa mtoto wao Joseph, akiwa na miezi mitano. Mwezi Agosti 1868 akafuata mdogo wake, Joseph Jean-Baptiste, akiwa na miezi minane, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, Zélie akampoteza baba yake mzazi. Mwezi Februari 1870 alikufa Hélène, msichana wa miaka mitano. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akafa Mélanie-Thérèse, mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa sababu mwanamke aliyekabidhiwa kumnyonyesha hakumtunza. Makaburi manne ya watoto katika muda usiotimia miaka minne! Kisha vita kati ya Ufaransa na Prussia vikaingia hadi Alençon, na askari wa kigeni wakapangishwa ndani ya nyumba yao.

Kifo cha Hélène kilimwachia jeraha la pekee. Alikumbuka uongo mdogo ambao mtoto alikuwa ameusema, akaanza kuteseka kwa kuwaza kwamba huenda anateseka toharani kwa ajili yake, na kwamba yeye mama alizembea. Tunafahamu jinsi akili iliyochoka inavyoweza kushika jambo dogo na kulifanya mlima. Zélie aliupeleka uchungu huo mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa nyumbani kwao, na alieleza baadaye kwamba hapo alipata hakika ya moyoni kuwa binti yake yuko pamoja na Mama wa Mungu.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Wapo waliomwambia kwamba ingekuwa afadhali asingewazaa kabisa watoto wale waliokufa. Zélie hakukubaliana nao hata kidogo. Mwezi Oktoba 1871 wifi yake Céline, mke wa Isidore, alipompoteza mtoto wa kiume wakati wa kuzaliwa, Zélie alimwandikia barua ya faraja. Hakumpa maneno mepesi ya kumtaka afute machozi upesi. Alimweleza kama mtu aliyepita njia hiyo kwamba watoto hao hawakupotea, na kwamba maisha ni mafupi na watawaona tena.

Ndipo katika mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 40, akajitambua kuwa mjamzito kwa mara ya tisa. Sisi tunaojua mwisho wa habari tungesema kwa furaha kwamba alikuwa amembeba Mwalimu wa Kanisa. Yeye hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba watoto watatu kati ya wanne wa mwisho aliowazaa walikuwa kaburini, kwamba hana maziwa ya kumpa huyu ajaye, na kwamba mnyonyeshaji aliyemwamini mara ya mwisho alimwangusha. Furaha ilikuwapo, kwani alipenda watoto kuliko kitu chochote. Hofu nayo ilikuwapo, na vyote viwili vilikaa katika moyo mmoja.

Alifanya nini na hofu hiyo? Kwanza, hakuificha. Barua zake zaidi ya 200 zimehifadhiwa hadi leo, na ndani yake tunamkuta mwanamke anayesema wazi kwamba amechoka, kwamba hajui atampata wapi mnyonyeshaji. Aliwaandikia Isidore, aliyekuwa mfamasia mjini Lisieux, na wifi yake, akiomba ushauri wa afya bila kuona haya. Aliandikiana na dada yake mkubwa, Sista Marie-Dosithée, mtawa wa Visitasio mjini Le Mans, ambaye tangu utotoni ndiye aliyekuwa mwandani wake. Alipopata nafasi alisafiri kwenda kuzungumza naye uso kwa uso.

Pili, alikubali kupunguziwa mzigo. Louis alikuwa ameuza duka lake la saa mwaka 1870 ili asaidie katika biashara ya lesi. Wanaume wa siku hizo, na hata wa siku hizi, si wengi wangekubali kuacha kazi yao waingie katika kazi ya mke. Louis aliona kwamba mkewe anaelemewa, naye akatenda.

Tatu, alisali, na sala yake haikuchukua nafasi ya maandalizi. Miezi kadhaa kabla ya kujifungua alikuwa tayari anatafuta mnyonyeshaji. Pia alizungumza na mtoto wake kwa namna yake: alisimulia kwamba alipoimba wakati wa ujauzito huo, alihisi kana kwamba mtoto anaimba pamoja naye, jambo ambalo hakuwahi kulihisi kwa watoto wengine.

Theresia alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 na kubatizwa siku mbili baadaye. Baada ya wiki chache kile ambacho mama alikiogopa kilianza kutokea: mtoto akaugua tumbo na kudhoofu. Mwezi Machi daktari alisema kwamba pasipo maziwa ya mama hataishi. Louis alikuwa safarini. Zélie alikesha na mtoto, na alfajiri akashika njia kwa miguu hadi kijiji cha Semallé, mwendo wa takriban kilomita 8, kwenda kumwita Rose Taillé, mwanamke wa shamba ambaye alimfahamu na kumwamini tangu enzi za watoto wake wa kiume. Rose alipomwona mtoto alitikisa kichwa, akidhani amefika amechelewa. Zélie akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akamwomba mtoto apone huku akijikabidhi kwa mapenzi ya Mungu. Aliposhuka, alimkuta mtoto akinyonya. Muda mfupi baadaye mtoto akalegea kama aliyekata roho, kisha akafumbua macho. Rose alimchukua Theresia kijijini kwake, naye alikaa huko hadi mwezi Aprili 1874, akarudi nyumbani mwenye afya na mashavu mekundu.

Zélie hakupewa miaka mingi ya kumfurahia. Ule uvimbe wa zamani ulikuwa saratani, na alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Alitangazwa Mwenyeheri pamoja na mumewe tarehe 19 Oktoba 2008 mjini Lisieux, na tarehe 18 Oktoba 2015, wakati wa Sinodi ya Maaskofu juu ya familia, Baba Mtakatifu Fransisko akawatangaza kuwa Watakatifu, wanandoa wa kwanza kutangazwa pamoja katika ibada moja.

Wapendwa, kwa nini tumesimulia haya? Kwa sababu katika jumuiya zetu wapo akina mama wanaobeba ujauzito pamoja na hofu, nao wananyamaza. Wengine walishapoteza mimba au mtoto. Wengine wana maisha magumu, au wanaishi na mume asiyewasikiliza. Hunyamaza kwa sababu wakisema wataambiwa kwamba imani yao ni haba, au kwamba wanamkaribisha shetani, au kwamba mbona wenzao wanazaa kila siku. Sisi mapadre nasi tunapaswa kujihoji, kwani mara nyingine tumemjibu mama wa namna hiyo kwa kumwongezea novena peke yake na kumwacha aende zake.

Kanisa lilizisoma barua za Zélie zote, likaona hofu yake yote, na likamweka altareni. Basi hofu yenyewe si dhambi wala si ushahidi wa kukosa imani. Hata Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane alifadhaika, naye aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye.

Zipo siku za wasiwasi ambazo kila mjamzito hupitia. Lakini hofu inapokaa kwa wiki mbili au zaidi, ikamnyima mama usingizi na hamu ya chakula, ikamletea mapigo ya moyo ya ghafla na kumzuia asifanye kazi zake, hapo anahitaji msaada wa kitabibu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban mama mmoja kati ya 10 duniani hupata tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, na kiwango hicho ni kikubwa zaidi katika nchi zinazoendelea. Mama huyo aseme kliniki, kwa mkunga au muuguzi yuleyule anayempima presha, kwamba moyo wake hauna amani. Anaweza kuelekezwa kwa mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili, ambaye kwa mazungumzo ya mara kwa mara humsaidia kuzitambua fikra zinazomtesa na kuzipunguza nguvu. Dawa, zikihitajika, aandikiwe na daktari anayejua kuwa ni mjamzito, na zile anazotumia tayari asiziache bila kumwuliza. Na kama mawazo ya kujidhuru yanamjia, asingoje kesho: apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Akina baba, mtazameni Louis. Msindikizeni mke kliniki, mpunguzieni kazi, msikilizeni bila kumkatiza. Akina mama wakwe na mawifi, kumbukeni barua ya Zélie kwa wifi yake. Nasi mapadre tuko tayari kuwasikiliza katika Sakramenti ya Upatanisho na nje yake, na Kanisa lina sala ya baraka kwa mama kabla ya kujifungua, ambayo kila mjamzito anaweza kuiomba parokiani kwake. Baraka hiyo na kliniki haviko katika ushindani.

Shirika la kitawa la dada yake Zélie limechukua jina lake kutoka katika ziara ya Bikira Maria kwa Elizabeti. Bikira Maria, mjamzito kijana aliyepokea habari nzito, alifunga safari hadi kwa ndugu yake, naye mjamzito katika uzee wake, akakaa huko yapata miezi mitatu. Wiki hii, katika jumuiya ndogondogo zetu, tuulizane ni mama gani anayesubiri mtoto na hajatembelewa, kisha twende kwake. Tumwombe Mtakatifu Zélie Martin awaombee akina mama wote wajawazito.