Beethoven: Kijana Aliyetunza Nyumba ya Baba Yake

Ludwig van Beethoven alizaliwa mwaka 1770 katika mji wa Bonn, Ujerumani. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji katika jumba la mtawala. Alimfundisha mwanawe muziki. Lakini Johann alikuwa mlevi, na ulevi wake ulizidi mwaka hata mwaka.

Mwaka 1787 Ludwig, kijana wa miaka 16, alisafiri kwenda mji wa Vienna. Barua za baba zilimhimiza arudi upesi. Mama alikuwa na kifua kikuu. Ludwig alimkuta yu hai, lakini mwezi wa Julai mama alifariki.

Sasa mzigo ulimwangukia Ludwig. Wadogo zake wawili walikuwa na miaka 13 na 10. Mshahara wa baba ulikwisha kwa pombe. Siku moja Ludwig alipambana na polisi ili kumwokoa baba yake aliyekuwa amelewa.

Hata hivyo, hakuachwa peke yake. Franz Ries, mpiga fidla, aliwasaidia wakati mama alipokuwa mgonjwa. Mjane mmoja, Bibi von Breuning, alimpa kazi ya kuwafundisha watoto wake piano. Alimpokea kama mtoto wa nyumbani.

Mwaka 1789 Ludwig alimwandikia mtawala kuomba msaada. Mtawala alikubali. Johann aliachishwa kazi, na mshahara wake wa thaler 200 kwa mwaka uligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja alipewa Ludwig, pamoja na vipimo 3 vya nafaka, ili awalee wadogo zake.

Baba aliona aibu. Alimsihi mwanawe asiipeleke amri ile ofisini, akaahidi kumlipa yeye mwenyewe. Ludwig alimsitiri. Naye baba alitimiza ahadi yake mpaka alipofariki mwaka 1792.

Mwaka huo Ludwig alihamia Vienna. Akawa mtunzi mkubwa wa muziki, ingawa baadaye alikuwa kiziwi. Mtoto wa Ries alipomfuata huko, Ludwig alimfundisha kwa kukumbuka wema wa baba yake. Ludwig alifariki mwaka 1827.

Kijana anayemtunza mzazi hahitaji sifa tu. Anahitaji chakula, kazi na jirani wa kumpokea.

Maswali

1. Nani walimsaidia Ludwig, na kwa njia gani?
2. Kwa nini baba aliona aibu?
3. Je, kijijini kwenu yupo kijana anayemwuguza mzazi? Mtamsaidiaje?