Dk Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyepambana na uvimbe wa watoto

Ukitoka Sirari, mpakani na Kenya, ukashuka hadi Ziwa Victoria, unaingia ukanda ambao jina la Denis Burkitt linafahamika hospitalini. Ndiyo jina la saratani inayowavimbisha watoto taya au tumbo. Wengine huwabana uti wa mgongo, miguu ikapooza.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alipoomba udaktari kwenye makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hakukata tamaa, na mwaka 1946 akafika Uganda kama daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amuone mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamuona mwingine wa hivyohivyo. Hapo akashtuka: huu ni ugonjwa mmoja.

Kisu hakikufua dafu, na mashine ya mionzi Kampala haikuwepo. Burkitt akajaribu dawa za saratani. Kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka kilomita zipatazo 16,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakabaini uvimbe huo unapatikana zaidi sehemu za joto na mvua, zenye malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London wakagundua kirusi kwenye sampuli zilizotoka Uganda.

Mara nayo iliingia kwenye utafiti. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini kuona kama kuzuia malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, ila malaria ikazoea dawa na mjadala haukuisha.

Burkitt alifariki mwaka 1993 Uingereza. Somo lake kwa wazazi bado lipo. Si kila uvimbe ni saratani, lakini mtoto anayevimba taya, au miguu yake inayoanza kulegea, asisubiri nyumbani. Awahishwe hospitali, maana uti wa mgongo ukibanwa muda mrefu, miguu inaweza isirudi tena.