Umar bin Khattab (RA) na Mwaka wa Majivu

Ijumaa ya leo tunamwangalia Sayyidna Umar bin Khattab (RA), Khalifa wa pili, aliyeongoza umma tangu mwaka 13 hadi 23 Hijria (634–644). Tutazame namna dola yake ilivyojifunza kutokana na misiba.

Mwaka 18 Hijria (639) mvua zilikatika Hijazi. Ardhi ikawa kama jivu, mifugo ikafa, na mabedui wenye njaa wakamiminika Madina. Ndipo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Chakula kilikuwepo Shamu na Iraq, lakini kilikuwa mbali. Umar akawaandikia magavana wake, na misafara ya ngamia ikaja na unga na mafuta. Yeye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wapate, akala mafuta ya zeituni hadi rangi yake ikabadilika. Hakuwakata mikono walioiba kwa njaa, na aliahirisha kukusanya zaka ya mifugo. Akatoka na watu kuomba mvua, pamoja na Abbas (RA), ami yake Mtume (SAW), na mvua ikanyesha.

Katika kipindi hicho tauni ya Amwas ilizuka Shamu. Umar, akiwa safarini kwenda huko, alisimama Sargh, akawataka ushauri Muhajirina, Answari na wazee wa Kikureishi. Rai zikagawanyika, naye akaamua kurudi. Kisha Abdurrahman bin Auf (RA) akamweleza kuwa Mtume (SAW) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na aliyemo asitoke kuikimbia. Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (RA) walifariki kwa maradhi hayo. Baadaye Amr bin Al-As (RA) akawatawanya watu milimani, na Umar hakulipinga jambo hilo.

Neema iliporudi, Umar hakuisahau njaa. Misri ilipofunguliwa, mfereji wa kale uliounganisha Mto Nile na Bahari Nyekundu ulifukuliwa kwa amri yake, nafaka ikaletwa kwa vyombo hadi Al-Jar, bandari ya Madina. Mfereji huo ukaitwa wa Amirul-Muuminina.

Ndugu zetu, kugawa chakula siku ya njaa ni wajibu wa kila mtawala. Sayyidna Umar alizidisha: alifungua njia ya chakula kabla ya njaa nyingine kubisha hodi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie viongozi wasiosahau misiba mvua zinaponyesha. Amin.