Claude Shannon, aliyeupima waya wa simu

Mfanyabiashara anayetuma picha ya hati ya forodha kutoka mpakani kwa simu yake ananufaika na kazi ya Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani.

Shannon alizaliwa Aprili 30, 1916, jimboni Michigan, akakulia katika mji mdogo wa Gaylord. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na jaji, mama yake mwalimu. Utotoni aliunda telegrafu hadi nyumbani kwa rafiki yake, akitumia waya wa seng'enge uliozungushiwa mashamba.

Mwaka 1936 alihitimu uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akajiunga na MIT. Mwaka 1941 aliajiriwa na Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu.

Kampuni hiyo ilikuwa na swali la fedha: waya mmoja unaweza kupitisha habari kiasi gani? Wengi waliamini kuwa ili kupunguza makosa yanayoletwa na kelele za laini, lazima kasi izidi kupunguzwa.

Mwaka 1948 Shannon alichapisha makala iliyothibitisha mambo mawili. Kwanza, kila laini ina kikomo chake cha kasi, kinachotegemea upana wa masafa na nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele. Chini ya kikomo hicho, ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa. Pili, ujumbe mwingi hubeba mambo ambayo mpokeaji angeweza kuyabashiri, kwa hiyo unaweza kubanwa. Ni kama robota la mitumba: hubanwa ili lori libebe zaidi, na likifunguliwa nguo ni zile zile.

Mwaka 1952 David Huffman, mwanafunzi wa MIT, alitoa njia rahisi ya kubana: herufi inayojirudia mara nyingi hupewa alama fupi, ya nadra hupewa ndefu.

Baadhi ya modemu za miaka ya 1960 zilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, faili la megabaiti moja lingechukua zaidi ya saa saba. Kufikia 1996 modemu zilifika biti 33,600, karibu na kikomo cha laini ya kawaida kwa hesabu ya Shannon, na faili hilo likachukua dakika nne. Likibanwa nusu, zilitosha dakika mbili. Pale simu ilipotozwa kwa dakika, gharama nayo ilipungua nusu.

Intaneti ilipoenea, Shannon alikuwa akiugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu, hakuweza kufuatilia matunda ya kazi yake. Alifariki Februari 24, 2001, akiwa na miaka 84.

Kanuni yake bado inafanya kazi. Mtandao ukiwa dhaifu mpakani, kikomo hushuka na kasi hupungua. Mfanyabiashara hawezi kuongeza mnara, lakini anaweza kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma.